Kidonda cha Baba Shantel na Chai ya Glukosi

Dada Nyakio, hujambo? Naomba unisaidie kabla sijavunja ahadi niliyompa mume wangu. Yeye hupasua mbao hapa Elburgon, na majuma kadhaa yaliyopita kibanzi kilimdunga unyayoni wala hakusikia, alijua tu alipovua gambuti akakuta soksi imelowa damu, nami nikaosha kwa maji ya chumvi nikidhani kitapona, lakini kidonda kimekataa, kinazidi kupanuka, kinatoa usaha na harufu, na kila asubuhi naukamua huo usaha kwa sababu naona ndio unaomwozesha. Amekonda, kukojoa hakuishi, kiu haikatiki, kwa hivyo namtilia glukosi kwenye chai na kumnunulia soda ili mwili upate nguvu, maana mgonjwa asipopata kitu kitamu atapona na nini? Nashukuru Mungu haumwi hata nikikigusa. Shida ni kwamba babake alikatwa mguu na akafa, basi Baba Shantel alinishika mikono akaniambia, "Mama Shantel, hao madaktari wakiona mguu ni kukata tu. Niahidi hutanipeleka huko." Nikaahidi huku nalia. Nampenda na naogopa. Nitunze ahadi ama nitunze mguu?

Nanyama, Elburgon

Nanyama dadangu, hilo la kutoumwa ulilomshukuria Mungu limenitisha kuliko hata harufu. Kidonda kama hicho kikiguswa mtu hutoa machozi. Asiposikia kitu, huenda mishipa ya fahamu imekufa ganzi.

Kuhusu usaha, tulia kidogo. Damu ina askari wake, zile chembechembe nyeupe, na vijidudu vikiingia kidondani ndizo hukimbilia pale kuvimeza, nyingi zikafia hapo hapo. Usaha ni hao askari waliofia kazini pamoja na maadui wao. Kwa hivyo mwili wa mume wako unapigana, ila unashindwa, na wewe ukikamua unavisukuma vijidudu ndani zaidi. Koma leo.

Mbona mwili ushindwe? Kiu, mkojo, kukonda na ganzi vinanifanya niwaze kisukari, ingawa kipimo ndicho kitakachosema. Sukari ikijaa kwenye damu, askari hao huzembea, na baada ya muda damu yenyewe haifiki vizuri unyayoni. Na wewe, mama, unaongeza glukosi! Nilitaka kukugombeza, kisha nikakumbuka ni wangapi kati yetu hubeba soda na glukosi tukienda kuona wagonjwa. Mimi mwenyewe nimebeba. Ulifanya hivyo kwa mapenzi, lakini kijiko hicho sasa kiweke chini.

Ahadi hiyo ivunje. Mwambie bila kuficha kwamba wengi hukatwa mguu kwa sababu walichelewa, na walichelewa kwa kuogopa kukatwa. Siwezi kukuapia kwamba mguu utapona, ila kila siku mnayongoja inampunguzia nafasi. Nenda naye leo, usiseme Jumatatu. Funika kidonda kwa kitambaa safi, asikanyage kwa mguu huo, na mkifika hospitali taja kidonda na kiu kwa pamoja ili apimwe sukari papo hapo. Akinuna, mwache anune akiwa ndani ya gari.

Na mkirudi nyumbani, pika chai isiyo na sukari, umimine vikombe viwili. Chako pia kiwe hivyo hivyo, asije akadhani anaadhibiwa peke yake.