Bipu Tatu za Mama

Alhamisi, jioni. Kijijini Daudi, Mbulu. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni, na mvua haijakata tangu Jumatatu.

Leo sina neno la kujenga. Ninyi mliozoea kusoma hapa tafakari zangu za asubuhi mnisamehe. Nimefanya kosa, na ninaliandika sasa hivi kabla moyo haujatafuta namna ya kulipamba.

Mama yangu anakaa Jorodom, Katesh, chini kabisa ya Mlima Hanang. Mwaka ule matope yaliposhuka yalipita pembeni ya shamba lake, yakachukua watu aliokuwa akichota nao maji. Tulimwomba ahamie kwangu huku Mbulu, akakataa. Alisema baridi ya Daudi ni ya watu wenye mafuta mwilini.

Basi tukapatana. Mama hajui kusoma, ila mdogo wangu Paulo alimwekea namba yangu kwenye kitufe cha mbili cha kitochi chake, simu ndogo ya vitufe. Mvua ikinyesha mlimani usiku, asubuhi akimaliza sala anakibonyeza muda mrefu, yangu ikiita tu anakata. Bipu moja maana yake niko salama. Nami namrudishia moja, anajua nimesikia. Bipu tatu mfululizo maana yake naogopa, nitoeni. Hapo nampigia Paulo, ambaye ni bodaboda pale Katesh mjini, naye anamkuta mama kwenye lami akiwa tayari na fimbo na kifurushi chake. Nisipompigia, Paulo anajua kuna amani.

Kila kitu kilikuwa kinapita kwangu.

Nilianza kutumia simu enzi zile tunapanda kilima cha juu ya shule kutafuta mtandao. Kulikuwa na jiwe moja tu lililokuwa linashika, na watu tulipanga foleni pale kama ya maungamo. Baadaye mnara ukajengwa, tukaongea tukiwa jikoni. Ikaja ile herufi E juu ya kioo, picha moja inafunguka mpaka ugali umeiva. Ikaja 3G, tukaona nyuso za watoto walio mbali. Mwaka huu ndiyo tumepata 4G. Kila kilipokuja kipya nilimshukuru Mungu, wala sikuwahi kujiuliza cha zamani kina kazi gani. Nilidhani mitandao ni kama matofali: unaweka la juu, la chini linajibebea lenyewe.

Jumatatu baada ya jumuiya, mwalimu wetu wa kwaya alitucheka sisi kina mama. Akasema, "Simu zenu zinashuka shuka kama mbuzi kwenye korongo, ndiyo maana masomo ya misa yanawafikia saa sita." Yake alikuwa ameifungia 4G peke yake. Nilimwangalia anavyobonyeza. Nilipofika nyumbani nikafanya vilevile, mwenyewe, bila kuuliza mtu.

Niseme ukweli wote. Nilitaka sifa. Jumanne asubuhi tafakari yangu ilipanda hapa na picha yake kwa kufumba na kufumbua, na kina mama wakaniandikia kwamba Roho anatembea kwa kasi siku hizi. Nilifurahi mno. Nikasahau kwamba usiku mzima kulikuwa na mvua na hakuna bipu iliyoingia.

Nilipokumbuka nikajaribu kumpigia mama. Simu ikaniandikia kwamba mtandao haupatikani. Nikajiambia ni huko kwake, mvua imegusa mnara wao. Jana tena vilevile. Hata Paulo sikumtafuta. Niliona simu yangu imetulia siku mbili, hakuna anayenisumbua, nikasema Bwana amenipa utulivu.

Utulivu! Mungu wangu.

Leo asubuhi nilishuka Mbulu mjini kuuza vitunguu saumu, na mchana nikapita kwa Bwana Shabani, fundi simu, mtu mzima wa makamo yangu tunayetaniana naye tangu ujana. Nikamwambia simu ya mama huko Katesh haipatikani siku tatu. Akaishika simu yangu, akaingia ndani ya mipangilio, akatikisa kichwa.

"Dada, mama yako anapatikana. Asiyepatikana ni wewe."

"Mimi? Mbona nasoma meseji za kundi tangu alfajiri?"

"Hizo ni za intaneti. Simu yako hii haijui kuongea kwenye 4G. Mtu akikupigia, lazima ishuke mtandao wa zamani, iongee huko, halafu ipande. Wewe umeondoa ngazi."

Akarudisha ngazi. Simu ikanyamaza kidogo, halafu ikaanza kutetemeka juu ya meza yake. Zile meseji za kukuambia nani alikutafuta ukiwa hupatikani. Jumanne, mama, mara moja. Jana, mama, mara moja. Leo kabla jua halijatoka, mama, mara tatu.

Bwana Shabani aliacha utani. Alinivutia kigoda.

Nilipiga palepale. Mama alipokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kumbe uko hai?"

"Niko hai mama. Simu ilikuwa..."

"Yule mwanamke wa kwenye simu anasema hupatikani. Nimemwuliza uko wapi, hanijibu. Nikajua umekufa, au umechoka na mimi."

Alikuwa amekaa kwenye lami tangu alfajiri mpaka saa tano, na kifurushi chake, kwenye mvua. Pikipiki zilipita, hakuna iliyokuwa ya Paulo. Mwishowe akajirudia nyumbani chini ya mlima kuwasha moto akaushe nguo. Nikamwuliza aliogopa nini. Akajibu taratibu, kama mtu anayesimulia habari za jirani:

"Mvua inanyesha siku ya tatu, na korongo limekauka. Halina sauti. Mwaka ule lilinyamaza hivihivi."

Mwenzangu unayesoma, kama hujakaa chini ya mlima huenda usielewe. Korongo likinguruma wakati wa mvua, unalala. Likinyamaza, kuna kitu huko juu kimezuia maji, na maji yanaendelea kujaa nyuma yake.

Nikampigia Paulo, akaenda mbio, na kwanza akampitia mwenyekiti wa kitongoji. Majirani wengi wameanza kutoka. Mama amegoma. Amemwambia Paulo kwamba ameshatoka leo mara moja kwa miguu yake, hakuna mtoto aliyemwitikia, na mtu mzima hafukuzwi kwake mara mbili kwa siku moja. Paulo akamsihi, akapiga magoti kwenye matope. Mama akasema, "Aje yeye aliyenyamaza. Aje aniambie machoni."

Nilikimbilia stendi. Gari la Katesh lilikuwa limeshaondoka, na bodaboda wawili niliowaomba walikataa hiyo barabara na mvua hii. La kesho linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Paulo ameapa hatamwacha. Kwa hiyo sasa chini ya ule mlima nina mama na mdogo wangu.

Nilimwuliza Bwana Shabani kama kosa hili linaweza kujirudia. Akasema huo mtandao wa vitochi kuna nchi wameshauzima kabisa, na siku moja na huku utazimwa. Alisema kwa upole, lakini tangu hapo naona kidole cha mama kimebonyeza kile kitufe cha mbili, na hakuna chochote upande huu.

Nimeishusha simu mpaka mtandao wa chini kabisa. Haya maneno yatachukua muda kupanda hapa, na yachukue. Saa moja iliyopita nilibipu, mama akarudisha. Moja tu. Sijui kama ni salama au ni hasira.

Nimefungasha kitenge na shuka mbili. Sitakwenda kubishana naye. Nitapiga magoti nimwombe msamaha, na akikataa kutoka, nitakaa naye palepale.

Ee Mungu, najua sistahili kukuagiza. Ushikilie huo mlima mpaka saa nne asubuhi. Nitakuwa nimefika.