Pampu Inakula Umeme Wote

Mwanangu mpendwa,

Baba yako anakusalimu, mguu wake sasa hauvimbi. Bibi yako anakusalimu, masikio yake yamechoka ila umbea haumpiti. Dada yako naye anakusalimu, anadai ile picha uliyomwahidi. Mimi nipo tu.

Mwezi jana nilikuandikia uache kazi uje, kwamba baba yako amekuombea nafasi kwenye kile kiwanda cha umeme wa bahari anakofanya kibarua. Niliona taa zinawaka getini, nikajua mambo yameiva. Sikumwuliza mtu.

Juzi baba yako alirudi na buti zake mkononi. Kiwanda kimefungwa. Anasema baharini maji ya juu yana joto, ya chini kabisa ni baridi, na mashine inapata nguvu kwenye hiyo tofauti. Lakini pampu ya kuvuta yale ya chini inakula umeme wote unaotoka.

Nikamwuliza, "Na zile taa za getini?"

"Zile za jenereta, mama watoto. Kwani ulimwuliza nani?"

Alicheka. Lakini tangu hapo chakula anakitazama tu.

Usije, mwanangu. Huku hakuna kazi hata ya kubeba mchanga. Lakini nakujua, wewe ukiambiwa na mama hungoji kesho. Kama umeshamuaga bosi wako, rudi ukamwangukie, mwambie kosa ni la mama yako. Wala usinifiche. Nijibu upesi, hata neno moja tu.

Ni mimi mama yako.