Taa ya Lango

Kanyakine, Jumapili

Kaka Gitobu,

Ukungu wa asubuhi hulifanya shamba la chai lionekane kama bahari unayotuandikia habari zake. Nimefuata ulivyofanya kwenye mashua yako ya tanga: betri ya kuwasha pikapu iko peke yake, taa zina yao.

Nimechelewa. Kila jioni Mama aliunganisha taa ya lango na betri ya pikapu, usije ukapita nyumbani gizani. Asubuhi ile alipozidiwa na ugonjwa, betri ilikuwa imeisha, injini haikuwaka. Tuliisukuma hadi barabarani, yeye akiwa kwenye kiti cha mbele. Aliuliza kama umefika. Nikasema ndiyo. Akatabasamu, akalala.

Simu yako haikupatikana. Tulimzika Alhamisi.

Taa ingali inawaka. Njoo uizime mwenyewe.

Dadako,
Kagwiria