Jiwe la Babu Limemshinda Adela

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu kutoka kijijini kwetu, nje kidogo ya Sumbawanga, naomba unisaidie kabla shule hazijafunguliwa maana nyumbani kwangu hakukaliki. Mimi ni Theodory, mkulima wa mahindi na ulezi, nina jiwe la kusagia aliloliacha marehemu baba, na katika ukoo wetu mtoto akitimiza miaka kumi na miwili hulinyanyua mpaka magotini mbele ya ndugu, baba alilinyanyua, mimi nililinyanyua, binti yangu wa kwanza Margareth alilinyanyua mwaka sitini na sita huku anacheka, lakini mwezi uliopita mdogo wake Adela amelishika, amelivuta, amelia, jiwe halikutoka chini, na shangazi zake wakaniangalia kama mtu aliyeharibu mbegu. Tangu tuhamie kijiji cha ujamaa maji yako bombani, mashine ya kusaga iko jirani na ofisi ya kijiji, shule ukipiga chafya wanakuitikia, nami nasema hayo ndiyo yaliyolegeza mikono ya watoto, kwani Margareth alisaga ulezi kila siku na kuteka maji kule bondeni. Basi nimeamua Adela aache shule mwaka mzima, akakae na bibi yake mashambani ambako mashine haijafika, asage kwa jiwe na kufukia majani kwenye ntumba, yale matuta yetu ya mviringo, mpaka akomae, na sasa mama yake, Kristiana, hanisemeshi, ugali ananiwekea kama mgeni, naye Mwalimu Andwele, kijana wa Mbeya, amekuja mara mbili kusema, "Shikamoo baba, huyu ndiye wa kwanza darasa la sita, msimtoe," nikamjibu kalamu hainyanyui jiwe. Je, nimekosea? Barua hii ananiandikia Adela mwenyewe, mimi kisomo cha watu wazima ndiyo kwanza nimeanza.

HAPA NAANDIKA MWENYEWE. ADELA NIMEMTUMA MAJI. JUZI NILIJARIBU JIWE PEKE YANGU. HALIKUTOKA. SIJAMWAMBIA MTU.

Theodory

Ndugu Theodory,

Barua yako imenichekesha, kisha imeniudhi. Umemkalisha mtoto akuandikie hukumu yake mwenyewe, naye ameiandika mpaka mwisho bila kukosea hata nukta. Huyo ndiye unayemwita mlegevu?

Haki yako nakupa: umeona sawasawa. Mkono usiotumika hulegea, na watoto wa bomba hawatakuwa na mikono ya watoto wa bondeni wasipotafutiwa kazi nyingine. Lakini Margareth hakuzaliwa na nguvu za jiwe. Alisaga miaka mingi kabla ya siku ile. Adela umempeleka siku moja, mbele ya mashangazi, halafu unashangaa! Hata ng'ombe wa jembe hufundishwa kwanza. Na wewe je, uliyelinyanyua utotoni na leo limekukatalia, mbona hatukupeleki kwa bibi?

Sikiliza. Shule ikifunguliwa Adela anarudi, na siku ya kwanza unamsindikiza wewe. Jioni aanze na jiwe dogo la juu, lile la kushika mkononi, alinyanyue mara kumi kila siku, akilizoea mtafute la kulizidi kidogo. Jumamosi nendeni wote kwenye ntumba, wewe ukitangulia. Mwalimu Andwele awatafutie wasichana kamba ya kuruka na mpira. Maharage na dagaa wa Kipili wapate watoto pia, si bakuli la baba peke yake. Na Kristiana umwombe radhi kabla ugali haujapoa.

Zile herufi zako kubwa zinazopanda mlima nimezisoma mara mbili. Zilikuwa nzito kuliko jiwe, nawe umezinyanyua mwenyewe. Nimezichapa makusudi, ukasirike ukipenda.

Adela mwanangu, najua gazeti hili unamsomea wewe. Kama umefika hapa, basi siri ya baba unayo na hakuna cha kuficha tena. Likunje gazeti, umshike baba mkono, mkaanze pamoja na lile jiwe dogo.