Wasichana Kumi na Mmoja, Jina Moja

Kasulu, Agosti 2014

Kaka Hamisi,

Nisamehe kwa kukaa kimya miezi miwili. Rehema anaota meno, hataki kushuka mgongoni, na kila nikishika kalamu anaitaka yeye. Hujambo wewe? Miguu ya Mama bado inavimba? Sisi wazima, ila baridi ya huku sijaizoea mpaka leo.

Sasa hao wachezaji wako. Kaka, umenichosha. Uliniandikia meseji, "Nitafutie wasichana sita warefu wa kuingia klabu yangu ya kikapu mwakani," basi neno "warefu" ndilo lililosambaa mji mzima. Jumamosi walinijia kumi na mmoja uwanja wa shule, vyeti vya kuzaliwa mkononi kama wanakwenda jeshini. Mmoja kavaa viatu vya visigino vya dada yake ili aongezeke!

Na wote ni wa mpira wa pete, ule usioruhusu kukimbia nao. Ukimpa mtu mpira anaganda hapohapo, anatafuta wa kumpasia. Napiga kelele, "Dunda! Kimbia nao!" Wananijibu, "Mama Rehema, si utatupigia filimbi?" Saa nzima hivyo, mtoto analia mgongoni. Yule mrefu kuliko wote, ambaye wewe ungemchukua kwa picha tu, mpira ukimjia anafumba macho.

Kwa hiyo nakuambia kweli: kundi la mwaka huu ni dhaifu. Sita hawapo. Yupo mmoja, Leokadia wa Kitanga, na wala si mrefu. Yeye peke yake aliniuliza, "Kwa hiyo naruhusiwa kukimbia nao mpaka kule?" Nikamwambia ndiyo. Hakusimama tena mpaka nilipomnyang'anya mpira. Mkono wa kushoto haujui kitu, kulenga kwa mbali bado kabisa. Mpe miaka miwili. Lakini anajua mwenzake atatokea wapi kabla mwenzake hajafika.

Baba yake nilimfuata shambani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama Rehema, urefu mmepima. Meno je, hamtazami, kama mnadani?" Nilicheka, yeye hakucheka. "Binti wa jirani alichukuliwa akasome Dar es Salaam, akageuzwa mtumishi wa ndani. Wangu atalala wapi?"

Jibu la hilo, kaka, hukunipa. Bila jibu hatoki, na mimi sitakwenda kumwombea tena. Nami nina wa kike.

Msalimie Mama sana, na wifi yangu mpishi wa pilau, na shangazi Zuhura aliyenisuka nywele siku ya harusi.

Mdogo wako,
Mwanaidi

Nitumie hivi, si vingine: raba namba arobaini za Leokadia. Mpira mmoja wa kikapu, auzoeshe huo mkono wa kushoto. Barua ya mkono wako kwa baba yake, iseme binti atalala kwa nani, atasoma shule gani, na akiugua nani atamuuguza. Na nauli mbili, ya kuja na ya kurudi. Ya kurudi ataishika mwenyewe.