Ukuta wa Chokaa

Gaudens, nimetoka Temeke sasa hivi. Nimetozwa faini kwa kupita ukutani.

Ukuta wenyewe haupo. Baraza lilikopa fedha kwa Bwana DC lijenge soko, likachora ramani yake uwanjani kwa chokaa, na fedha zikaishia hapo. Sasa mkopo unadaiwa, basi akina mama wanalipia meza zisizokuwepo. Asiyelipa, nafasi yake anapewa mwingine, na shangazi yangu Mwanabaraka anaishi kwa mihogo anayouza pale.

Nilimwendea moja kwa moja. Marijani, karani wa soko, akanitoza senti hamsini. "Mlango uko kule, mwalimu. Wewe umesoma, usitutie aibu."

Nikazunguka. Gaudens, mimi mwenyewe. Nilizunguka nikapita mlangoni.

Mara mvua. Shangazi akamuuliza, "Marijani mwanangu, paa liko wapi?"

"Paa ni mkopo wa pili, shangazi. Ada yake inaanza kesho, ila leo mnaweza kutanguliza."

Nilidhani watamzomea. Shangazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungua pindo la khanga. Alitaka nafasi ya katikati, isiyofikiwa na manyunyu.