Kwa Hodan, Aliyemkatalia Mjomba

Mpendwa binti yangu Hodan,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ambayo nyumbani hatukuitumia. Kisomali ni cha hooyo, mama yako, cha chai ya asubuhi na cha kugombana juu ya nani ameacha mlango wazi mbuzi wakaingia jikoni. Kiswahili kilikuwa chetu mimi na wewe pale chuoni Garissa, kwa sababu darasani kulikuwa na Mutua wa Mwingi na wenzake ambao tungewaacha nje tukisema Kisomali. Tena nimeamua barua hii iwe wazi ili wenzako nao waisome, maana kila ninayekutana naye kati yao ananiuliza jambo moja kwa macho, na mdomo wangu umekuwa mzito.

Jumatatu nitaingia darasa la mwaka wa pili wa uhandisi kufundisha ujasiriamali. Somo lililo mbele yao ni lile la kukataa. Unalikumbuka. Mkuu wa chuo, kwa wema wake, alisema anaweza kumpa mwalimu mwingine kipindi hicho. Nikamwambia nitafikiri, na ndiyo nafikiri huku nakuandikia.

Siku yako ya kwanza darasani kwangu uliketi mbele kabisa, ukanyoosha mkono, ukasema, "Samahani, Mwalimu," uso umekauka kama hunijui, wakati asubuhi ile ile ulikuwa umenifokea kwa kumaliza maziwa ya ngamia. Darasa lilicheka mpaka nikasahau nilichotaka kusema. Wenzako hawakulipenda somo langu. Walikuja chuoni kuchomelea vyuma na kupiga hesabu za umeme, si kumsikiliza mzee akiwaeleza habari za wateja. Nami nilikuwa nikiwaambia kwamba mhandisi anayetengeneza kitu bila kujua nani atakitunza ametengeneza chuma chakavu cha kesho. Kila nikimaliza niliongeza, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkanibandika jina, Mwalimu Ufa. Najua ni wewe uliyeanza, na usibishe.

Niliwapeleka Dagahaley mwaka ule. Hatukwenda kuwatazama wakimbizi wakipanga foleni ya mgao kama wageni wengine wanavyofanya. Tulikwenda kumwona mfanyabiashara mmoja wa pale kambini aliyenunua jenereta kuukuu na kuvuta nyaya mpaka kwenye maduka ya jirani zake, akawa anawauzia umeme. Wenzako walimuuliza habari za mafuta na unene wa nyaya. Wewe ukauliza, "Na shemeji yako asipolipa?"

Yule bwana alicheka mpaka akashika tumbo. "Namkatia, walaal, ndugu yangu," akasema. "Halafu jioni naenda kwake, tunakula gizani."

Tulirudi tukiirudia kauli hiyo njia nzima. Wiki iliyofuata niliandika ubaoni: JIFUNZE KUKATAA. Nikawaambia huku kwetu biashara haifi kwa kukosa wateja, hufa kwa binamu. Binamu anaazima, mjomba anaagiza, shangazi anatuma mtoto, na kila mmoja ana haki kwako kwa sababu kesho ukiugua ni wao watakaochanga. Mkacheka, kila mtu akimfikiria binamu yake. Wewe hukucheka. Ulikuwa umeshika kidevu, na mimi mjinga nikafurahi kwamba mwanangu anaelewa.

Ulielewa kweli. Mlipomaliza chuo, wewe na Mutua hamkukaa kungoja kazi ya serikali. Mlinunua pikapu iliyochoka na winchi ya kuinulia mabomba, mkaanza kuzunguka vijiji vya Wajir Kaskazini, vile vya upande wa Bute, vyenye visima vya mashine. Ulikuwa umeona jambo ambalo sisi sote tulizaliwa tukaliona la kawaida. Mvua ikinyesha, watu huhama na mifugo kufuata madimbwi na majani mapya, na kisima hubaki hakina mwenyewe. Jenereta inakaa bila mtu wa kuigusa. Kiangazi kikirudi, ngamia wa tarafa nzima wanajaa pale kwa siku moja, jenereta inawashwa, inakohoa, inakufa. Ndipo watu wanaanza kupiga simu na kulia.

Ninyi mlitaka kijiji kiwalipe kidogo kidogo wakati wa mvua, wakati hakuna anayekumbuka kiu, ili muitunze mashine kabla ya shida. Baadhi ya kamati za maji ziliwafukuza. Nyingine zikakubali na kutia sahihi, na visima vyao havikufa. Ulikuwa ukinipigia simu ukiwa juu ya pikapu, upepo unakula maneno, nami nasikia tu kicheko.

Kisha ukafika kwa abti yako. Watakaosoma barua hii wajue kwamba abti ni mjomba, kaka wa mama, na kwetu mjomba humwita mpwa wake kwa jina lile lile analoitwa yeye. Abti Abdi ndiye aliyekubeba mabegani ulipokuwa mdogo, ndiye aliyekupa ngamia wako wa kwanza. Pia ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji chake. Alikukaribisha, akachinja mbuzi, akasikiliza maneno yako yote, halafu akasema, "Abti, maji ni ya Mungu, kisima ni cha baba yangu, na wewe ni damu yangu. Sasa unaniuzia nini?"

Alitaka umtunzie mashine bure. Ukamwambia kwa adabu kwamba kama hutamkatalia yeye, hutaweza kumkatalia yeyote. Hamkuelewana. Hata hivyo ulimaliza nyama yake, ukambusu mkono, ukaondoka bila mkataba. Uliponisimulia nilijivuna. Nililibeba tukio lile mpaka darasani nikalitoa kama mfano, bila kutaja majina, na kila mtu alijua ni wewe.

Hooyo yako hakujivuna. Alisema, "Umemfundisha mtoto kupima ndugu kwa mizani." Siku kadhaa chakula kilikuwa hakina chumvi, na sikuuliza kwa nini.

Kiangazi kilipokuja kilikuja kibaya. Hata hapa Garissa, tulio na mto, tuliona mizoga kandokando ya barabara. Kisima cha abti yako kilikufa mapema, na safari hii tatizo halikuwa jenereta, lilikuwa pampu yenyewe, chini kabisa ya ardhi, na mabomba yote yalipaswa kuvutwa juu. Alimpigia hooyo yako akilia. Sijawahi kumsikia mtu mzima wa rika lake akilia hivyo kwenye simu. Hooyo yako akakupigia wewe. Halafu wewe ukanipigia mimi.

"Sikuulizi, aabo," ulisema. "Nakuambia tu. Naenda."

Nilikuuliza kama winchi ipo. Ukasema ipo kwenye kijiji kingine, kazini, na kijiji kile kilitia sahihi. "Siwezi kuwanyang'anya waliotimiza ahadi ili niwape ambao hawakuahidi," ulisema, na sauti yako ilikuwa ya darasani. "Ile ni ya wateja. Kwa abti naenda kama mpwa, kwa mikono yangu." Nikakuombea dua, ukakata simu.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Mutua. Amenisimulia mara nyingi, na kila mara anasimama mahali pale pale. Mlipofika kijijini, abti yako alimkimbilia Mutua, akamsemesha kwa Kiswahili chake: "Fijana, ngamia nakufa. Mbuzi nakufa. Leo kama hapana toa bambu hii ya maji, kesho hakuna kitu ya kunywesha." Mutua alikuomba mngoje winchi, vibarua wenu waliokuwa nayo kule wangemaliza kesho yake. Ukamwonyesha ngamia waliolala chini na shingo zimenyooka. Kijiji kilikuwa na nguzo zake tatu za chuma, zile zinazosimamishwa juu ya kisima na kufungwa cheni, zimekaa nje miaka mingi bila rangi wala kukaguliwa, kama kila kitu pale. Uligonga moja kwa spana. Ukasema zitabeba.

Zilibeba mabomba mengi. Wanaume walikuwa wanavuta cheni, wanawake wanapiga vigelegele kila bomba likitoka. Ulikuwa umeinama kufunga kishikizo cha bomba, nguzo moja ilipojikunja.

Hapo ndipo Mutua husimama, nami simlazimishi.

Ulizikwa jioni ile ile kama ilivyo sheria yetu. Kutoka Garissa mpaka kule ni safari ya kuchosha hata mtu asiye na haraka, na nilipofika udongo ulikuwa umeshakauka juu yako. Nilisoma Yasini nikiwa nimesimama upande ambao sikuwa na hakika ndio wa kichwa. Hooyo yako mpaka leo hajaliona kaburi. Wanaokuja kutupa pole wanasema kazi ya Mungu haina makosa, nami naitikia amina, kwa sababu ni kweli na kwa sababu sitaki waendelee kuongea.

Wahenga wanasema mshika mawili moja humponyoka. Wewe hakuna lililokuponyoka. Ulishika neno lako kwa wateja na ukashika damu yako, yote mawili kwa mkono mmoja, na nakasirika, Hodan, nakasirika nawe kama baba anavyokasirika mtoto akichelewa kurudi. Ungemkatalia abti mpaka mwisho ungekuwa hai. Ungeichukua tu ile winchi ungekuwa hai. Nimezipiga hesabu hizi njia zote, mimi niliyefundisha watu kukadiria hatari.

Baada ya mazishi Mutua alirudi na winchi akamaliza kazi, bila kuambiwa na mtu. Maji yakatoka. Abti yako alikuja Garissa kutupa pole, amekonda, ameegemea fimbo. Alikaa kwenye mkeka wetu akasema kijiji kizima kimekubali, wametia sahihi mkataba wenu, na kisima wamekipa jina lako. Hooyo yako alilia akamshika kaka yake. Mimi nilitaka kumpiga. Nikamwongezea chai.

Nilijiambia basi angalau hilo limebaki. Nikapanga hata namna nitakavyolisema darasani: mwanafunzi wangu alikataa, akakasirikiwa, na mwisho watu wakaelewa. Lingekuwa somo zuri, na wazazi wangelipenda.

Kisha mvua ikanyesha. Ilinyesha vizuri mwaka huu, majani mpaka magotini. Mutua akachukua pikapu akaenda kufanya sevisi ya kwanza ya mkataba ule. Alinipigia simu kutoka pale. Chumba cha jenereta kimefungwa kwa kufuli. Mwenye ufunguo amehama na mifugo, na kamati yote nayo, abti yako akiwa mbele yao, na simu zao hazishiki. Kijijini wamebaki vikongwe wawili wasiojua wenzao wameelekea wapi. Nguzo zile bado zimelala pale zilipoangukia. Ukutani, Mutua akasema, wameandika jina lako kwa rangi ya buluu, kubwa, na wamelipigia mstari.

"Mwalimu," akaniambia, "nivunje kufuli nitie oili mpya tu? Siyo kazi kubwa. Ni kisima cha Hodan."

Mbele yake kulikuwa na kijiji kingine kilichotia sahihi, watu wake wameacha kijana nyumbani na ufunguo, wanamngoja. Nilisikia upepo kwenye simu, ule ule uliokuwa ukila maneno yako.

Nikamwambia, "Kama hawapo, hawapo. Nenda kwa wanaokungoja."

"Una hakika, Mwalimu?"

"Nenda."

Akaenda. Alidhani amemsikia mwalimu wake. Mimi sijui aliyesema ni nani, kama ni mwalimu au ni baba aliyetaka kijiji kile kione kiu. Nimejiuliza tangu siku hiyo na sipati jibu ninaloweza kuliandika ubaoni. Hooyo yako sijamwambia. Jumatatu nitalifundisha somo, nimeamua hivyo hapa hapa nikiandika, kwa sababu wale vijana nao wana wajomba na hakuna mwingine atakayewaambia linavyouma.

Lakini mvua itakwisha, aabo, maana kwetu baba naye humwita mwanawe hivyo. Ngamia watarudi na kusimama mbele ya ukuta ule wenye jina lako, jenereta itakohoa ife, na abti yako atashika simu akilia. Safari hii itakayolia ni simu yangu, na jibu ninalo tayari, ni hapana, na linanitisha.

Mungu akurehemu na akunyweshe mahali pasipo na kiangazi. Lala, binti yangu.

Mwalimu wako, ambaye angetaka kuwa baba yako tu,
Aabo